Nilivyomsaka aliyemwandikia mchumba wangu email bila jina, Songea

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote shikamooni.

Hiki ninachoandika sijakitia chumvi hata punje. Kama kuna mtu alikuwa Songea miaka ile na akanitambua, namwomba asinitaje.

Ni ile miaka biashara huria imekolea, maduka ya watu binafsi kila kona, na mjini kwetu ndio imefunguliwa internet cafe ya kwanza. Mashine sita, dishi juu ya bati, ukiingia unaandika jina na saa kwenye daftari la mhudumu.

Mimi kwetu mtaa wa Lizaboni. Mama yetu, jina lake Kunigunda, alikuwa ameshafariki, nimebaki na dada yangu Skola aliyenilea. Mchumba wangu Adelina alikuwa chuo Iringa, mahari imeshapokelewa, na kanisani wameanza kusoma matangazo ya ndoa. Kwa Wakatoliki yanasomwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi aende kwa padri.

Baada ya tangazo la kwanza tu, Adelina akanipigia simu analia. Kaletewa email haina jina:

"Huyo anayetaka kukuoa ana mtoto Madaba. Muulize."

Aisee! Nikaapa kwa majina yote ya watakatifu kwamba sina mtoto.

Adelina akasema, "Nakupa mpaka tangazo la tatu. Nithibitishie."

Sasa hapa ndipo akili yangu ilipokwenda kombo. Badala ya kwenda Madaba, mimi nikaanza kumsaka aliyeandika.

(Niwe mkweli. Niliwahi kufundisha Madaba kwa muda kabla sijaenda chuo, na kulikuwa na binti pale. Nilimkumbuka kidogo, nikamfukuza kichwani.)

Nikamwomba Adelina anitumie ile email yote na yale maandishi marefu ya juu, header. Mhudumu wa cafe, dada mmoja mjanja sana wa kompyuta, akaiweka pembeni ya email zangu mwenyewe nilizowahi kutuma kutoka pale.

Namba za mtandao zilikuwa zilezile!

"Kaka, huyu mtu kakaa humu humu ndani," akasema. "Ila saa hizi ni za nje, ongeza masaa matatu."

Tukaongeza. Jumatatu, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Tukafungua daftari. Muda ule mashine tano zilikuwa na wanafunzi wa semina ya kanisa, wageni wasionijua, na ya sita, saa nne mpaka saa tano, ilikuwa na jina moja: Otmari.

Wakuu, Otmari ndiye alikuwa msimamizi wangu wa ndoa! Fundi redio pale Msamala, tumekula sahani moja tangu darasa la kwanza. Nikatoka mbio, sikumsikiliza hata mhudumu aliyekuwa ananiita nyuma.

Nilimkuta kibandani kwake na wateja. Nilimtukana matusi ambayo hata leo naona haya kuyaandika. Mchawi, mwenye wivu, kila kitu.

Akaniambia, "Mimi nilikaa dakika ishirini nikaondoka."

"Mwongo!"

Akanitazama, akainamia redio yake. "Haya bwana."

Nikarudi cafe kifua mbele, kuchapisha ushahidi. Yule mhudumu akaniambia, "Kaka, nilikuita ukakimbia. Otmari kweli aliondoka mapema. Dakika zake arobaini alimwachia dada yako."

Wa siku hizi hamuwezi kuelewa. Intaneti ilikuwa ghali, mtu analipia saa nzima, akimaliza mapema dakika zinazobaki anamwachia ndugu au jirani. Jina daftarini linabaki la mlipaji. Mimi mwenyewe nilikuwa nafanya hivyo kila wiki, na bado sikulifikiria!

Nilitembea mpaka Lizaboni kama mtu aliyepigwa. Dada Skola alikuwa anachambua maharage. Nikamwekea karatasi mbele.

Hakukataa.

"Mtoto yupo," akasema. "Ulipokuwa chuo wazee wa yule binti walikuja hapa kuuliza. Mama akawakatalia, akasema usivurugiwe masomo. Alipokuwa anakufa akaniapisha nisikuambie."

"Sasa mbona umesema?"

"Niliapa nisikuambie wewe. Adelina hakutajwa. Ningekaaje kanisani nasikia jina lako linasomwa mara tatu nimenyamaza?"

Nilikaa chini kwenye vumbi, wakuu. Otmari alikuwa anajua ni nani kakaa pale baada yake. Angemtaja dada angejiokoa, na hakumtaja.

Nikakimbilia kibanda cha simu. Nikamweleza Adelina mbio mbio: nimempata, ni dada, mashine ya sita, dakika arobaini za Otmari, na ni kweli mtoto yupo.

 Akauliza, "Mtoto anaitwa nani?"

Dah.

Nilikuwa najua namba, saa, mashine, dakika. Jina la mwanangu sikuwa nimeuliza.

Akakata simu. Tangazo la tatu halikusomwa.

Kesho yake nikapanda gari la Njombe, nikashuka Madaba, nikaenda mpaka kwao yule binti. Bibi wa pale nikamwamkia shikamoo, hakuitikia, akageuka tu akaita ndani: "Kunigunda! Njoo, kuna mgeni."

Akatoka binti wa miaka sita, paji la uso la mama yangu lilelile. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kike hupewa jina la bibi mzaa baba. Walimpa jina la bibi aliyewafukuza.

Funzo langu wakuu: ukitumiwa ujumbe usio na jina, kabla ya kuuliza nani kaandika, uliza kama alichoandika ni kweli. Mimi nilichelewa kwa wiki mbili, nikapoteza mke na rafiki.

Otmari nilimwomba radhi mara nyingi. Kila mara jibu lake ni "Haya bwana."

Karibuni mniseme, nimeshazoea. Ila mnaomlaumu dada Skola, mwambieni binti yangu Kunigunda mwenyewe. Huu uzi kanichapia yeye.