Karai Kichwani, Koki Mkononi

Aibu yangu watu wa Mbeya waliijua kabla nguo zangu hazijakauka, kwa hiyo heri niisimulie mwenyewe, maana wengine wanatia chumvi eti nilimkalia baba mkwe makusudi. Nilimkalia, sawa. Makusudi, hapana.

Mnatujua sisi Wanyakyusa na wakwe. Mke wa mtu haonani na baba mkwe wake, ukisikia kikohozi chake tu unajifunika kanga na kupita nyuma ya nyumba, na ukivunja mwiko huo unaweza kurudishwa kwenu. Basi yule mzee, baba yake mume wangu Gwakisa, akaja kututembelea na mguu wake unaouma, akafuatana na dada yake, Shangazi, ili amwandalie chakula kwa kuwa mimi siruhusiwi. Mzee anaota jua barazani, mimi niko jikoni nyuma, amani tupu.

Tatizo lilikuwa bomba la jikoni. Nyumba ile ya kazi aliyopewa Gwakisa alikuwa akikaa Mzungu mmoja mchimba dhahabu, zamani sana, na bomba lilidondosha maji usiku na mchana, na Shangazi alikwisha kusema mbele ya majirani kwamba mwanamke anayeacha maji yamwagike hajafundwa. Gwakisa akaniambia, "Koki ya ukutani usiiguse, imeshika kutu, tusubiri fundi." Jumapili Gwakisa na Shangazi wakaenda kanisani, mzee akabaki barazani na mguu wake, mimi nikabaki na maharage jikoni (na maneno ya Shangazi rohoni), nikasema leo naifunga.

Haikuzunguka. Nikaipaka mafuta, wapi. Nikachukua mchi wa kinu nikaigonga taratibu, kisha si taratibu, na koki nzima ikakatika ikanibaki mkononi, imeoza ndani, maji yakanipiga kifuani mpaka nikakaa chini. Nikaziba tundu kwa kanga ya kichwani, ikatupwa huko. Nikaziba kwa ya mabegani, nayo hivyo hivyo, na maji yanalifuata gunia la unga. Koki kubwa ya nyumba nzima ilikuwepo, lakini iko mbele, kwenye kishimo chini ya baraza, karibu kabisa na kiti cha mzee. Na kanga sina.

Mngefanya nini ninyi? Nikachukua karai, nikajifunika nalo kichwa na uso wote, nikatoka.

Ndani ya karai huoni ila vidole vyako vya miguu. Nikajikwaa kwenye fimbo ya mzee, nikaangukia mapajani pake, nimelowa chepechepe. Nikajiinua, karai bado kichwani, nikapapasa mpaka nikaipata koki, nayo imekaza, inataka mikono miwili, na mmoja umeshika karai.

Ndipo mzee akasema, lakini si na mimi. "Wewe koki, ngoja nikupitishie fimbo hapa, tukusukume kulia. Polepole, usikatike na wewe."

"Karai," nikajibu, "iambie koki nimeshika."

Tukasukuma, mtu na mkwewe, na maji yakakata wakati ule ule watu wa kanisani wanafika mbele ya nyumba. Wakasimama wote. Shangazi akapaza sauti, "Huyu arudi kwao leo. Amemgusa mkwewe hadharani." Gwakisa akatazama viatu vyake.

Nilimpenda Gwakisa, na niliogopa kurudishwa, lakini hasira ilinizidi. Nikasema humo humo ndani ya karai, "Sikukosa. Kama heshima ni kuacha unga wenu uzame, nifungieni mzigo wangu niende."

Mzee akakohoa. "Koki," alisema, "wewe ni shahidi. Mimi nimeona karai. Uso wa mtu sijauona mpaka sasa."

Mzigo wangu haukufungwa. Nikarudi jikoni kwangu kwa kupapasa ukuta.

Wanaocheka wacheke. Nimeapa kutogonga koki kwa mchi tena, na koki za nyumba yangu nazifunga na kuzifungua kila mara, maana koki isiyoguswa ndiyo inayokushika siku ya shida. Lakini kuomba radhi, hilo hawatalipata. Karai lile nimelitundika barazani, na Shangazi akija, hapo chini yake ndipo ninapomwekea kiti.