Mwimbaji Hajulikani

Dada anayeingiza nyimbo kwenye simu pale sokoni Mkuyuni huzungumza taratibu, kama anayesikiliza wimbo mwingine kwa mbali. Hakati wimbo wa mtu katikati, hata foleni iwe ndefu. Wiki hii programu yake ya muziki imekuja na toleo jipya: inausikiliza wimbo, kisha yenyewe inaandika jina la mwimbaji na kuweka picha yake. Jana asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala milimani, Bi Zuhura alishuka, kapu la ndizi kichwani, na flashi yenye ngoma ya harusi iliyorekodiwa kijijini kwao. Programu ikasikiliza, ikaandika: “Mwimbaji hajulikani.”

Bi Zuhura akaomba asomewe. Aliposikia, akasogea karibu na meza.

“Hajulikani vipi, mwanangu? Huyo ni marehemu mdogo wangu.”

“Aliitwa nani, mama?”

“Mwajuma binti Stambuli.”

Dada akayafuta maneno yale. Akaandika jina herufi moja moja, akilitamka kwa sauti ya chini, kisha akakigeuza kioo cha kompyuta upande wa mama na kuuanzisha wimbo upya. Mwajuma akaimba. Bi Zuhura, kapu la ndizi likiwa bado kichwani, akamwitikia.