Mama Siki Apanda Kitandani

Miaka kumi na tisa wanawake wa mtaa ule wamepanda kitanda kimoja cha zahanati, na muuguzi waliyemkuta hapo ni yuleyule: Mama Siki. Anapaka siki kwenye shingo ya kizazi, anahesabu dakika, anamulika tochi. Pakigeuka peupe, hapo saratani inajipanga. Anapagandisha kwa gesi kabla haijaota mizizi. Na jicho lake, jamani, acheni! Madaktari wenye vyeti ukuta mzima walikuwa wanamwita aje awaangalizie.

Ila yeye mwenyewe hajawahi kupimwa. Hata mara moja. Huko mtu hawezi kujimulika, na mwingine anayeijua kazi hiyo pale ni mke wa mwanawe, aliyefundishwa na yeye. Sasa nyie fikirieni, mama mkwe akavue nguo mbele ya mkwe!

"Nitaenda hospitali kubwa," akasema mwaka ule. Akasema na mwaka uliofuata.

Hedhi ilishakoma miaka sita nyuma, ndipo Jumatatu moja akaona damu. Akajiambia ni ndoo ya maji aliyobeba. Uongo huohuo wagonjwa wakimletea, huwacheka. Wiki ya tatu ikaja harufu. Akawa anakaa dirishani, mbali na watu, akisingizia joto.

Mkwe akaona, akafunga mlango wa chumba.

"Mama, panda."

"Nipande wapi? Heshima imekwenda wapi, mwanangu?"

"Iko nje kwenye benchi, inakungoja. Panda."

Akapanda, uso kautupa ukutani. Mkwe huyo kwa maneno ni redio. Akaanza habari za mtoto wake aliyemeza kifungo cha shati, na jinsi baba mtu alivyokimbia bila viatu. Akamulika. Redio ikazimika katikati ya neno.

Mama Siki akangoja ubaridi wa siki, haukuja.

"Mbona hupaki siki?"

Chuma cha kupimia kikagonga beseni.

"We! Si nakuuliza?"

"Haihitaji siki, mama. Inaonekana hivihivi."

Mama Siki alishawaambia wanawake kumi na mmoja maneno hayo. Waliorudi kumsalimia ni wawili.

Akashuka polepole, akafunga khanga yake.

"Andika barua ya rufaa. Leo hii. Na umri uandike wa kweli, usinipendelee."

Mkwe akaketi kuandika. Kalamu ikawa inacheza kwenye karatasi, na Mama Siki akamshika kifundo cha mkono, akakikaza, ili herufi zisomeke.