Nilimuuliza Mzee wa Kanisa Kama Ni Mhasibu

Leo nimeuliza swali moja tu, na sasa mama haongei nami.

Mama ana duka la mbolea na mbegu hapa Keumbu. Anatafuta mhasibu kwa sababu mambo ya ushuru yamemshinda.

Basi akamwalika nyumbani mweka hazina wa kanisa letu, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Mnajua vile huwa hapa kwetu: ukitunza sadaka vizuri, kila mtu anakuona mhasibu.

Nilikuwa nawamiminia chai. Sijui ujasiri ulitoka wapi.

"Mzee, umesajiliwa kama mhasibu?"



Akatabasamu. "Hapana, binti yangu, hiyo sikusomea. Lakini nitajaribu."

Hakukasirika, jamani. Alisema ukweli. Aliyekasirika ni mama.

"Kemunto! Unamhoji mzee wa kanisa kama polisi?"

Na hapo hapo, kama njia ya kumwomba msamaha, mama akampa mzee neno la siri la akaunti yake ya ushuru.

Mzee akikosea, atakayeitwa na watu wa ushuru kujieleza ni mama.

Labda ningenyamaza, mama angefikiria kwanza hadi kesho kabla ya kutoa neno hilo.

Ningekuwa dada yenu, mngeniambia nini? Naogopa kumgusia mama jambo hili tena.