Sikio la Sabaha

Kwa miaka ishirini na sita, korosho ya kijiji cha Mtua haikuingia ghalani kabla haijapita sikioni kwa Sabaha Hassani. Mkulima alishusha magunia yake mlangoni, Sabaha akaingiza mkono mpaka kwenye kitako cha gunia, kule ambako wajanja huficha mbichi, akachota konzi mbili na kuzitikisa karibu na sikio la kulia. Korosho iliyoshiba jua hugongana kwa mlio mkali kama kokoto. Yenye maji hutoa mlio mzito, kana kwamba umetikisa viazi. "Inalia," alisema Sabaha, na gunia likaenda kwenye mizani. "Bubu hii," alisema, na mwenye gunia akarudi nalo kwenye jamvi la kuanikia. Hata mwenyekiti wa chama cha ushirika hakuthubutu kubisha.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, uani kwao, akiwa amefungwa kitambaa usoni ili asitegemee macho. Alipoachwa na mumewe akiwa na watoto watatu, sikio ndilo lililomwingiza kwenye ajira ya chama cha msingi, likawasomesha wale watoto na kuezeka nyumba. Chama kiliwahi kununua kipimo cha unyevu, mashine ya betri. Ikafa msimu wa pili, na hakuna aliyehangaika kuitengeneza. Ya nini, na Sabaha yupo?

Ndipo akaja Imrani, kijana wa Ruangwa mjini, mpole wa salamu na mgumu wa kila kitu kingine. Mwaka juzi, wakulima walipoanza kuleta mzigo, akazungushia mabati ya bluu kiwanja kinachotazamana na ghala, hatua thelathini tu, akaandika langoni: SHANGWE PARK. Ndani akaweka pembea za kuzunguka, kitreni cha watoto, jumba la kujaza hewa la kurukia, jenereta, na spika mbili ndefu kuliko mlango. Spika akazielekeza ghalani, maana wateja wako huko. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhana ya isha ilikuwa dude la muziki linapiga, jenereta linanguruma, na mtu wa kipaza sauti anabweka: "Wazazi, msiwe wabahili! Leteni watoto!" Kila siku ya Mungu, misimu miwili mizima, na Sabaha amekaa palepale mlangoni kwa sababu kazi yake iko mlangoni.

Hakuna aliyesema watoto wasifurahi. Hilo ndilo lililokuwa likimtia Sabaha hasira kuliko yote, kwamba kila alipofungua mdomo aligeuzwa kuwa adui wa watoto. Alimfuata Imrani mara ya kwanza kwa upole, kama mama.

"Mwanangu, geuza tu hizo spika zitazame shambani. Mimi kazi yangu ni ya kusikiliza."

"Bi mkubwa, mbona unamaindi? Hii burudani tu. Madogo wanaenjoi," Imrani akajibu huku akichezea simu.

Akaenda kwa mtendaji wa kata. Mtendaji akamwambia malalamiko ya mtu mmoja si malalamiko, alete barua yenye saini za wakazi. Sabaha akazunguka nyumba kwa nyumba na daftari. Ustadhi Bashiri wa madrasa akasaini, maana wanafunzi wake walikuwa wameanza kukariri matangazo ya pembea badala ya sura. Dorotea mwenye mapacha wachanga akasaini huku analia. Wakafika kumi na tisa. Barua ikakaa kwa mtendaji wiki tano. Kisha akaja bwana wa mazingira kutoka wilayani na kifaa cha kupimia sauti. Sijui nani alimpigia simu nani, lakini asubuhi hiyo spika zilikuwa zinanong'ona na jenereta lilikuwa limefunikwa magunia ya mchanga. Yule bwana akasimama langoni, akanyoosha kifaa chake, akanywa soda ya Imrani, akaandika: sauti iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Gari lake halijafika barabara kuu, dude likafunguliwa mpaka mabati ya ghala yakatetemeka.

"Washenzi!" Sabaha akapiga kelele akiwa katikati ya barabara. "Washenzi watupu!" Watu wakacheka. Wengine walidhani anaimba.

Mwezi wa kumi na moja Stefano akaleta magunia sita kwa toyo ya kukodi, pikipiki ya magurudumu matatu. Stefano na mkewe Winfrida ni watu waliohamia kutoka upande wa Masasi, wachapakazi, korosho zao hazijawahi kurudishwa hata siku moja. Sabaha akachota, akatikisa. Spika zinapiga. Akaingia nazo ndani kabisa, nyuma ya lundo la magunia, akaziba sikio la kushoto, akatikisa tena. Mlio ulikuwa mzito kama wa viazi.

Hapo ndipo alipokosea. Mtu mwingine angesema hajasikia vizuri, turudie kesho asubuhi kabla hawajafungua. Lakini kusema "sijasikia" kulikuwa kumpa Imrani ushindi. Kulikuwa pia kukiri mbele ya foleni nzima kwamba sikio alilorithi kwa baba yake, mzee Hassani, linashindwa na spika za mhuni.

"Bubu hizi. Karudie kuanika."

"Mama Sabaha, nimezianika siku tano," Stefano akasema. "Tikisa tena, nakuomba."

"Unanifundisha kazi?"

Stefano akapakia magunia yake, turubai hana, na mvua ya kwanza ya mwaka ikamkuta njiani, mahali pasipo na nyumba wala banda. Baada ya siku nne Winfrida akaja ghalani na beseni kichwani. Akalimwaga miguuni kwa Sabaha. Korosho nyeusi, zenye ukungu, zinanuka.

"Hizi zilikuwa kavu," Winfrida akasema. "Na ninao ushahidi. Gunia la saba halikuenea kwenye toyo, likabaki nyumbani. Jua lilelile, jamvi lilelile, na tangu siku hiyo halijatoka ndani. Njoo ulitikise mbele ya watu, halafu utuambie tena ni bubu."

Sabaha hakulala na aibu hiyo hata usiku mmoja. Alilala na hasira, na hasira ilikuwa inajua pa kwenda. Kama zile korosho zilikuwa kavu, basi mwenye kosa anajulikana, yuko nyuma ya mabati ya bluu. Kesho yake chama kilikuwa na mkutano wa wanachama uwanjani mbele ya ghala. Sabaha akasimama kabla hata katibu, bwana Agapiti, hajamaliza kusoma ajenda.

"Mnataka kujua nilikosea au sikukosea? Nifuateni."

Wakamfuata, watu kama sitini, Stefano amebeba lile gunia la saba begani. Sabaha akaingia langoni bila tiketi, akampita mtu wa kipaza sauti, akasimama mbele ya Imrani.

"Zima!"

"Bi mkubwa, leo Jumamosi..."

"Zima, nasema! Dakika moja tu. Misimu miwili umekula masaa yangu, leo nirudishie dakika moja!"

Imrani akatazama ule umati, akaona nyuso, akapunga mkono kumwashiria fundi wake. Muziki ukakatika. Watoto kwenye pembea wakanyamaza wakishangaa. Sabaha akaingiza mkono kwenye kitako cha gunia, akachota, kisha akasita na kumgeukia tena Imrani, macho yanawaka.

"Na jenereta! Unanifanya mjinga? Zima na jenereta!"

"Mama, imezimwa," Imrani akasema. Mara hii hakusema bi mkubwa.

"Nalisikia linanguruma!"

Sabaha akawatazama mmoja mmoja, akaona kwamba hakuna anayecheka. Fundi alikuwa amesimama mbali na jenereta, mikono mitupu. Ustadhi Bashiri akainamisha kichwa. Sabaha akapeleka korosho sikioni, akatikisa taratibu, kisha kwa nguvu. Ngurumo ile haikukoma, na ndani yake ukaja mlio mzito, kama wa viazi. Akahamishia sikio la kushoto. Viazi vilevile.

Kisha akaona nyuso za watu. Hata wale waliosimama kwenye lango walikuwa wamesikia, ilionekana machoni mwao.

"Zinalia, mama," Stefano akasema polepole, kama mtu anayeomba radhi. "Zinalia sana."

Sabaha akazirudisha korosho kwenye gunia, moja baada ya nyingine, asidondoshe hata moja. Alitaka kumvaa Imrani. Alitaka kuzing'oa zile spika kwa meno. Badala yake akamtafuta katibu kwa macho.

"Agapiti, andika. Korosho za Stefano zilikuwa kavu. Makosa ni yangu, chama kimlipe. Na andika mtafute mtu mwingine wa kukaa mlangoni." Akamgeukia Imrani. "Washa tu, baba. Mimi umeshanimaliza."

Akatoka langoni, umati ukimpisha. Winfrida akamfuata, akamshika mkono, na Sabaha hakuuondoa.

Agapiti aliandika yote kama alivyoambiwa, kwa mwandiko mzuri: korosho zilikuwa kavu, mpimaji alikiri kosa, mpimaji amejiuzulu, na kipimo cha unyevu kinunuliwe. Ustadhi Bashiri akauliza mbona spika hazimo. Katibu akapekua karatasi zake, akajibu kwamba suala la spika halikuwa kwenye ajenda.