Maji Uliyapeleka Wapi?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka siwezi kukaa kitini. Hata sasa nimekwisha kusimama mara mbili, na magoti haya hayapendi kusimama. Nivumilie. Nataka tuzungumze habari ya neno "kosa", kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia mwenzako "umekosa wewe" hata kabla hajamaliza kujieleza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika shamba la mkonge kati ya Thika na Ruiru. Nilitoka kwetu magharibi nikiwa na elimu ya darasa la sita na kiburi cha darasa la kumi. Meneja wetu, Mzungu, alikuwa mgeni. Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "upesi". Basi nikawa mkalimani wake. Mtu akifungua mdomo tu, mimi nimeshafasiri. Wazee walikuwa wakiniambia ulimi hauna mfupa, nami nilidhani wanausifu.

Palikuwa na Wafula, tuliyetoka naye kijiji kimoja. Kazi yake ilikuwa kutia maji kwenye injini ya mashine ya mkonge. Alikaa nyumba za laini, zile za wafanyakazi wa shamba, na mkewe, ambaye alikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi moja injini ikaungua. Kazi yote ikasimama, na Wafula akaitwa ofisini.

Meneja akauliza kwa nini injini imeungua. Nikafasiri. Wafula alikuwa amekimbia kutoka mtoni na ndoo mbili, anahema.

"Bwana, mimi nilikosa..." akasema, akavuta pumzi.

Mimi sikungoja. Nikamgeukia meneja nikamwambia, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba amekiri kosa lake. Nyuma yangu nikamsikia Wafula akimalizia: "...nilikosa maji. Bomba iliziba na matope."

Nilisikia, mwanangu. Hapo ndipo panaponiinua kitini. Nilisikia, lakini meneja alikuwa akinitikisia kichwa kwa kuridhika, na kuyarudia maneno kungeonyesha kwamba mkalimani hodari amebabaika. Nikanyamaza.

Meneja akaandika barua. Wafula amefukuzwa kazi, na nyumba aiache siku hiyohiyo. Maskini, alidhani kwamba injini ikiungua lazima mtu aondoke, hata kama amejieleza vizuri. Mlangoni akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante ndugu yangu," akasema. "Najua umenisemea."

Mchana ule sikwenda kula. Nikawa nazunguka karakana bila shughuli, mpaka Mzee Ndeti akaniita. Huyu alikuwa fundi wa injini, Mkamba wa rika la baba yangu. Asubuhi ile alikuwa amesimama dirishani pa ofisi akingojea spea, na Kiingereza kidogo alikijua.

"Wewe kijana, Wafula aliambia bwana nini?"

"Alisema alikosa."

"Alikosa nini?"

Nikaokota spana nikaanza kuipangusa.

"Yeye alisema alikosa maji. Kwa bwana ikafika alikosa, basi. Sasa hiyo maji, wewe ulipeleka wapi?"

Kijana akibanwa hukimbilia methali. Nikamwambia, mzee, kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Akafuta mafuta mikononi, polepole, mpaka nikatamani anipige tu tumalize.

"Sikia. Mtu akikosa maji, hiyo ni shida. Wewe kukata maneno yake haraka, hiyo ni kosa. Lakini kujua alisema nini halafu unyamaze, hiyo ni hatia, na hiyo ni yako peke yako. Usipike hizo zote kwa sufuria moja."

Nikakimbia ofisini. Nilimwambia meneja yote. Uso ulimwiva. Akasema ukalimani wangu umekwisha, kuanzia kesho nitakata mkonge pamoja na wengine. Kisha akasema kwamba kama Wafula hajaondoka, arudi kazini.

Nyumba niliikuta tupu, jivu la jikoni bado lina joto. Majirani wakasema wamepanda lori la mkonge mpaka stesheni ya Thika. Nikaona huko nitachelewa. Lakini treni ya Nairobi lazima isimame Ruiru, nami naweza kuitangulia. Nikaazima baiskeli ya Mzee Ndeti. Nilikanyaga kama mwizi. Mnyororo ukachomoka mara mbili, na nilipofika Ruiru behewa la mwisho lilikuwa linaishia kwenye kona.

Nikakaa juu ya kokoto nikalia. Nilikuwa nimemkosa Wafula, na nilikuwa nimemkosea. Tazama, maneno hayo yametengana kwa herufi moja. Lakini mtu uliyemkosa stesheni unaweza kumfuata kesho. Uliyemkosea, hata akikaa mlango wa pili, uko mbali naye mpaka umwombe radhi.

Miezi minne ikapita, ikaja barua yake, ameandikiwa na mwalimu wa kanisani. "Mtoto ni wa kiume. Tumemwita Eliya, jina lako, kwa sababu siku ile ulinisemea."

Siku tatu niliikunja na kuikunjua barua ile. Kisha nikamwandikia ukweli wote, na masika yote nikangoja jibu. Likaja, fupi: "Nimesomewa barua yako. Nilikasirika sana, sasa imepungua. Jina la mtoto hatubadilishi. Lakini ukija nyumbani, kuja na masikio."

Basi, mwanangu, nawe uwe na masikio. Mtu akikuambia "nimekosa", muulize amekosa nini, au amemkosea nani. Pengine ni maji tu hana, na wewe umeshamhukumu. Na ukijua ukweli wake usinyamaze kwa kuogopa kuchekwa, maana aibu huisha, lakini mimi mpaka leo nasimama-simama hivi unavyoniona. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mungu akujalie mtu wa kukusemea siku utakapoishiwa pumzi. Na akikusemea, maneno yako yafike yote, pamoja na maji yake.