Zamu ya Usiku Ndani ya Macho Yangu

Ndugu zangu wachimbaji wa Masumbwe, mnaniona nimesimama mbele yenu na hakuna aliyenishika mkono. Mwaka jana msingeniona hivi. Mimi ndiye Baba Kulwa, yule mwenye maneno mengi. Kabla ya kuugua nilikuwa nashuka duarani, shimoni kwetu kwa kuchimbia, kwa mbwembwe. Ngazi hamsini na mbili za magogo mpaka chini, tochi kichwani, wimbo mdomoni. Hata jua liwe kali vipi huku juu, nikifika chini nakaa kidogo, macho yanazoea, kazi inaanza.

Halafu tumbo likanikamata. Niliharisha wiki baada ya wiki mpaka suruali nikaifunga kwa kamba. Kambini nilikuwa naishi kwa ugali wa muhogo na chai ya rangi. Dagaa wa Nkome walipoletwa nilikataa, nikasema hicho ni chakula cha paka. Tumbo lilipotulia, macho nayo yakaanza visa. Yalikauka, yakawasha kama yana mchanga. Nikishuka, giza haliondoki. Naona pale tochi inapomulika tu, pembeni hakuna kitu. Nikipanda juu, jua linanipiga, nasimama mdomoni mwa duara machozi yakinitoka, dakika kibao simtambui mtu.

Je, nilisema? Wapi! Niliogopa kuondolewa kazini, na kazi hii ndiyo inayolisha nyumba yangu. Nikaanza kuhesabu ngazi. Hamsini na mbili, natua. Masanja, mwenzangu wa kule chini, alinisikia nikinong'ona akanitania, "Baba Kulwa, siku hizi umeokoka?"

Siku moja walitoa magogo yaliyooza, wakapanga mengine kwa nafasi tofauti. Sikuambiwa, maana mwenye macho ataona mwenyewe. Nilifika arobaini na tisa, nikakanyaga hewa. Niliteleza na kamba, viganja vikachunika mpaka nyama, nikamwangukia Masanja mgongoni.

"Hukuona?" akafoka.

Nikalia kama mtoto. "Sioni, Masanja. Mwezi wa pili huu sioni."

Alinipandisha juu yeye mwenyewe. Huko juu akaniambia wazi, "Mimi sishuki tena na wewe mpaka upone."

Tabibu wa zahanati akaniambia nile viazi vitamu na mboga za majani. Viazi! Mimi Msukuma, leo nafundishwa kula viazi? Nilirudi nyumbani Ngokolo kifua mbele. Mke wangu, Mama Kulwa, akanitolea michembe, vile viazi vyetu vyeupe vilivyokatwakatwa na kuanikwa juani. Michembe asubuhi, michembe mchana, na karanga juu yake. Mboga nikawaachia watoto. Mwezi mzima! Kunenepa nilinenepa, lakini jua likielekea kuzama naanza kugonga stuli.

Mama Kulwa akachoka, akanipeleka kwa daktari wa macho, mama mmoja mpole. Nikamwamkia, nikamweleza kazi yangu na michembe yangu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Baba Kulwa, nyuma ya jicho una wafanyakazi wa aina mbili. Wanaitwa koni na fimbo. Koni ni zamu ya mchana, wanaona mwanga mkali na rangi. Fimbo ni zamu ya usiku, mwanga kidogo tu unawatosha. Wote wanatuma habari kwenye ubongo kwa kamba zilezile. Mwanga ukiongezeka, fimbo wanazidiwa, wananyamaza, koni wanashika kamba. Ukiwa wa katikati, kama wa alfajiri, wanavuta wote pamoja. Hapo wanaweza kusaidiana, au mmoja akamzuia mwenzake."

"Kama sisi tunavyopokezana zamu!" nikasema.

"Hasa. Sasa zamu yako ya usiku haijala. Fimbo wana rangi yao ya kunasia mwanga. Jua likiwapiga inafifia, na kuitengeneza upya kunahitaji vitamini A. Wewe umeishiwa. Na michembe myeupe haina vitamini hiyo. Tafuta viazi vya rangi ya chungwa, maini, mboga, na dagaa."

"Dagaa?"

Mama Kulwa akageukia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Nilipewa vidonge vya vitamini A, nikaonywa nisijinunulie vingine kiholela, maana vikizidi vinadhuru. Nikala dagaa na vichwa vyao. Haikupita muda mrefu, jioni moja nikamwona kuku mweusi amejibanza nyuma ya mtungi. "Mama Kulwa, kuku wako anatagia huku!" Alikuja mbio akanikumbatia, na mimi nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu na yule daktari. Nanyi wenzangu, ukiona giza linachelewa kukuachia, sema. Usihesabu ngazi kama mimi. Na ukiambiwa ule viazi, uliza rangi.

Juzi nilirudi duarani. Nilikaa kidogo kivulini, kisha nikashuka. Masanja alikuwa ananingoja chini, tochi yake ameizima makusudi, na nikayaona meno yake yakicheka pembeni kabisa mwa mwanga wa tochi yangu.

"Ngazi ngapi leo, Baba Kulwa?"

"Sijahesabu."